Meza, Mwambie Fundi

Meza ya chuma ya kuchomelea ilikuwa imepinduliwa uani, miguu juu. Novatus, aliyeiunda mwenyewe, alihitaji mtu wa kuigeuza naye, na nyumbani alikuwepo mama mkwe tu, ambaye kwa desturi yao hakuruhusiwa kumtazama wala kusemeshana naye.

Akakohoa. "Wewe meza, ungepata mtu wa kukushika upande wa pili, ungesimama leo."

Mama mkwe akatoka jikoni, amejifunika kitenge usoni, akashika. Wakainyanyua, kila mmoja akiangalia pembeni, wakaisimamisha.

Mama akaisukuma kwa kiganja. Ikayumba.

"Meza," akasema akirudi jikoni, "mwambie fundi wako mguu mmoja ni mfupi."

Novatus akabana kicheko. "Meza, mwambie mama arudi. Tunakugeuza tena."