Shati la Marehemu

Mzee Fiifi Quaicoe alijikuta amekufa. Alikuwa amebandikwa kwenye ukuta wa jumba lake mwenyewe la sanaa, hapo Takoradi.

Uso kwenye tangazo hilo la msiba ulikuwa wake wa ujanani, na pengo la meno ya mbele. Jina lilikuwa la mtu mwingine: Kobina Arhin, baba mpendwa.

"Pole na msiba wako, mzee," mlinzi akamtania.

"Jukwaani nimekufa mara mia, kila mji kwa jina jingine. Lakini siku zote niliombwa ruhusa!"

Bila shaka picha imeibwa kwenye vitabu alivyochapisha baada ya kuacha maigizo. Ila shati la pichani lilimtatiza. Hakulikumbuka katika mchezo wowote.

Wiki nzima kijana yule alimchekea kila alikopita: kwenye nguzo za umeme, kwenye mlango wa kinyozi. Jumba alilijenga, vitabu alivichapa, mtoto hakujaliwa. Sura ile ndiyo atakayoiacha duniani, na sasa wageni wanaizika.

Jumamosi akaenda matangani. Akaanza kulia, kama ilivyo ada, akiwapa mkono wafiwa mmoja mmoja. Kila mmoja alimtazama yeye, akaitazama picha, kisha akaufuta mkono kwenye nguo.

"Loo! Marehemu kaja kula wali wake mwenyewe," babu mmoja akanong'ona.

Mwisho wa mstari alikaa mjane, Maame Araba. Pembeni yake binti wa makamo alikuwa analia, uso wote kwenye leso.

"Mletee mgeni maji," mjane akamwambia. Binti akaenda.

Mgeni huulizwa lililomleta akishakunywa. Mzee Fiifi hakungoja.

"Mama, nimeifuata sura yangu. Huyo mumeo simjui hata kwa jina."

Mjane hakushtuka. "Miaka arobaini nimemwambia mwanangu baba yake yuko safarini. Mwezi uliopita kakata tiketi akamtafute. Nikaona heri nimuue: kafia Abidjan, kazikwa huko huko."

"Ndiyo umuue kwa uso wangu?"

Mjane akamvuta kwa mkono hadi sikio lake likafika mdomoni pake.

"Jina ulinipa wewe, usiku ule mlipomaliza mchezo wenu. Shati nilikushonea mimi."

Binti alikuwa amesharudi na glasi. Akaishusha leso, akajaribu kutabasamu, na pengo la mbele likaonekana.

"Karibu maji, mzee. Baba ulimjua?"