Mama Alileta Udongo

Tangu Bunge liikataze Idara ya Usalama kutumia majasusi wasiotujua, kila raia husikilizwa nyumbani kwake, kwa vinasa sauti, na ndugu yake mmoja. Kamati ya Bunge humwapisha ndugu huyo kwa siri, na kila mwezi humhoji. Wabunge wanasema mtu wa damu yako hawezi kukuonea. Mimi niliamini kwamba wangu ni binamu yangu Makame, kwa jinsi anavyopenda umbea, nikawa nacheka naye kwa tahadhari.

Juzi mama alinitembelea. Kabla hata hajavua buibui alinipa kifurushi cha khanga. Ndani mlikuwa na udongo wa kutafuna, ule wanaoutamani wajawazito.

"Tafuna, kichefuchefu kitatulia," akasema.

Habari ya mimba sikuwa nimempa mtu, hata mume wangu. Niliitamka mara moja tu, peke yangu jikoni, nikiosha vyombo.

"Mama, ni wewe?"

Akajibwaga kitini. "Ningekataa, Saumu, wangempa Makame kazi hii. Ungependa hivyo?"

"Na mimba umewaambia?"

"Nimeapa mbele ya Kamati, mwanangu. Nikiulizwa, ninajibu."

Nikamrudishia udongo wake. Hakuupokea, alikuwa akilitazama tumbo langu.

"Wameshaniuliza nani atamsikiliza huyo akizaliwa," akasema kwa sauti ya chini. "Nikawaambia hakuna anayefaa kuliko mama yake. Nimewapa jina lako."