Matanga katika Nyumba ya Video

Watu wa matanga walijaa kwenye mabenchi yaleyale ambayo, kila dimanche, siku ya Jumapili, ya mwaka huo wa 1986, waliyakalia kuangalia filme za karate kwa Papa Gérard, mtu wa kwanza kuwa na video katika mtaa wetu wa Bunia.

"Ile video ndiyo imeua mutoto," mama mmoja alinong'ona.

"Wacha weye! Siye wote tuliangalia. Weye ulishaua nani?" mwenzake alimjibu.

Gérard alisikia. Binti yake wa miaka sita alikuwa amempiga mdogo wake teke barazani, kwa mchezo tu, kama kwenye filme. Mtoto akaangukia kichwa kwenye jiwe.

Sasa binti alipita katikati ya watu, akapanda magotini pa baba yake. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa bado kimevimba. Gérard alikishika, akaanza kukisugua taratibu.

"Inauma?"

"Kidogo. Papa, usilie. Yule wa karate alikufa ndani ya filme. Dimanche ingine si tulimuona tena?"

Gérard aliendelea kukisugua kile kidole.

"Ndiyo, mama," Gérard alimjibu binti yake. "Tulimuona."