Nusu Duara Nyekundu

Msimamizi wa ukumbi, Bwana Kihwelo, alikuwa ameagiza kwamba sakafu ikipakwa upya, mistari ya netiboli isirudishwe. Wasichana wakacheze nje, vumbini, eti ndiko walikozoea.

Sikudhani, fundi rangi, alimaliza mistari ya mpira wa kikapu. Kisha akapiga magoti golini, pale alipokuwa akisimama kufunga enzi za usichana wake, akabandika utepe wa karatasi kuzunguka eneo la kufungia na kupaka rangi nyekundu. Akaubandua utepe rangi ikiwa bado mbichi, kwa hasira, kama anayechuna ngozi. Nusu duara ikabaki, kingo zake kali kama wembe.

Ilipokauka akamwaga vanishi, akaisambaza sakafu nzima huku akirudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma.

Kihwelo akatokea mlango wa mbele.

“Wewe mama! Nilikwambia nini? Futa hiyo!”

“Iko chini ya vanishi. Labda upige msasa ukumbi mzima.”

“Nani kakutuma?”

“Kwani mbao hizi zinachagua miguu?”

Kihwelo akainua kiatu, akakirudisha kizingitini. Mbele yake vanishi mbichi ilimetameta ukuta kwa ukuta, na kadiri alivyofoka, ndivyo ilivyozidi kukauka.