Mashujaa wa Kambi ya Kimulot

"Na wewe, Sajenti Gekara, helikopta yenu ilizimika mara ngapi?" aliuliza Nganga kutoka upande wa pili wa meza.

Gekara alimeza ugali bila kutafuna. "Mara mbili."

"Yetu moja tu," alisema Koplo Arasa. "Angani kabisa. Tukashuka, tukaisukuma mpaka ikashika."

Meza nzima ikatikisa vichwa kwa heshima. Gekara akashusha pumzi. Alikuwa ameponea chupuchupu tena. Helikopta yeye aliiona kwenye kalenda ya kinyozi tu. Alikuwa mchuma chai mpaka mashine ilipoletwa shambani, yeye na wenzake wakaambiwa waende nyumbani. Aliposikia kambi ya zamani ya jeshi imefunguliwa kuwalisha na kuwafunza kilimo wanajeshi waliorudi vitani bila kazi, alinunua kofia ya madoadoa ya kijeshi mjini Sotik, akajipandisha cheo njiani.

"Wakikujua, Baba Velma," mkewe Bonareri alimwonya, "watakupiga mpaka ukumbuke vita ambavyo hukupigana."

Lakini ambaye angefaulu mtihani wa mwisho wa mafunzo angepata kazi ya kudumu na nyumba ya bati ndani ya kambi. Bonareri na watoto walikuwa wakilala jikoni kwa shemeji.

Siku ya mtihani ikafika. Mkufunzi wao, Afande Metrine, aliwapanga kwenye uwanja wa gwaride uliopandwa sukumawiki.

"Magunia kiunoni! Kila jani mnalochuma liingie humo. Nyinyi mmezoea bunduki, mtang'oa mche mzima. Mimi natangulia. Kila mtu na mstari wake, macho mbele!"

Gekara akaanza polepole, akijifanya hajawahi kuchuma jani. Punde mikono ikapata moto, ikasahau uongo wote. Vidole vikakata jani na kulirusha juu ya bega, vile mchuma chai hujaza kikapu cha mgongoni. Mgongoni hapakuwa na kikapu.

Mwisho wa mstari akapapasa gunia. Tupu. Nyuma yake majani yalitapakaa njia nzima.

"Nimekwisha," akanong'ona, akamgeukia Arasa kumsihi anyamaze.

Gunia la Arasa lilikuwa tupu. La Nganga pia. Nyuma ya kila shujaa, udongo ulikuwa kijani.

Afande Metrine akageuka, mishipa ya shingo imemtoka, akafungua kinywa kuwafokea. Kisha akauona mstari wake mwenyewe, umejaa majani kuliko yote.