Kasimir Chini ya Kibao

Mlinzi wa geti alitia vidole kwenye kopo la kahawa, akavichomoa upesi.

"Bibi, hii ni kahawa gani?"

"Si kahawa," Bernadine Kosmala alisema. "Ni mume wangu. Na umemshika bila adabu."

Mlinzi alijipangusa kwenye suruali, kisha akakumbuka anampangusa nani, akaganda. Renata, binti wa Bernadine, alitazama pembeni asije akacheka. Mama na binti walikuwa wamevaa makoti mekundu, rangi ya Nyundo, timu ya besiboli ya mji wa Harlan. Vifungo walikuwa wamevifunga hadi shingoni, na jua la Septemba lilikuwa kali.

Kasimir aliomba jambo moja tu kabla ya kukata roho. Hakutaka kuzikwa makaburini. Alitaka majivu yake yafukiwe uwanja wa Nyundo, chini ya kile kibao cheupe ambapo mpigaji husimama na gongo lake, na ambapo mkimbiaji lazima arudi akanyage ndipo timu ipate pointi.

"Wanikanyage wakirudi," alisema. "Wakiweza kurudi."

Bernadine alimwapia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Basi ofisi ya timu ikamzungusha kiangazi kizima. Huyu yuko mkutanoni, yule yuko likizo, sheria hairuhusu, nyasi zitadhurika. Ofisi hiyohiyo ndiyo iliyoubomoa mtaa wao ili mashabiki wapate pa kuegesha magari. Pale linapolala gari la meneja sasa ndipo lilipokuwa jiko la Bernadine. Siku ile hakuna mkubwa aliyekuja kuwapa pole. Walituma tingatinga.

Hata baada ya hapo Kasimir hakukosa mechi. Kiti chake kilikuwa nyuma tu ya kibao, na wachezaji wa Nyundo walimsikia kabla hawajamwona. Renata alijifunzia kutembea kwenye ngazi za uwanja ule. Alikuwa baba wa kukaanga chapati za viazi kila Jumapili, wa kumsuka binti yake nywele kwa vidole vinene vya fundi bomba. Ila siku Nyundo wakifungwa, usingizi ulikuwa haumpati. Bernadine alimsikia akigeukageuka kitandani kama mtoto usiku wa kuamkia sikukuu.

Wiki iliyopita wakubwa walimkumbuka ghafla. Nyundo walikuwa wanakutana na Bundi wa Port Wills, mji wa ng'ambo ya mto, na atakayeshinda ndiye anayekwenda fainali. Meneja mpya, Bwana Whitlow, aliyekuwa anauza bima kabla hajaletwa kuendesha timu, alitaka picha ya kuliza watu gazetini. Akapiga simu mwenyewe.

Sasa alikuwa amesimama kando ya kibao na tai yake nyekundu, mpiga picha ubavuni.

"Mama Kosmala, shabiki kama mzee huyu hazaliwi tena."

"Hazaliwi," Bernadine alikubali.

"Naambiwa Nyundo walikuwa wanamtoa machozi."

"Mpaka mbavu zinamuuma."

Delbert, mtunza uwanja, alikuwa tayari ameking'oa kibao na kuchimba shimo. Miaka yote hiyo alikuwa akifagia maganda ya karanga chini ya kiti cha Kasimir. Alitazama kopo, akatazama makoti yale mazito, akakuna kidevu.

"Bosi, huyu mzee ulishawahi kukaa karibu naye?"

"Delbert, hapa umeletwa kuchimba."

"Haya. Wewe ndiye mkubwa."

Whitlow alichomoa kijiko mfukoni. "Mama, tutatia kijiko kimoja tu, cha picha. Mengine utarudi nayo nyumbani. Unajua mambo ya afya."

Bernadine alilikumbatia kopo. Hakuwa ametoka mbali kote huko ili arudi na mume nusu.

"Bwana Whitlow," alisema, na sauti ikamkatika kwelikweli, "baba Renata hakunioa kwa kijiko."

Chozi likamdondoka. Mpiga picha akapiga goti, akabofya, akabofya tena. Whitlow aliona ukurasa wa mbele, akarudisha kijiko mfukoni.

"Mimina, mama. Mimina yote."

Alimimina yote. Aligonga hata kitako cha kopo. Delbert akafukia, akarudisha kibao mahali pake, akashindilia udongo kwa miguu miwili.

"Hapo hatoki," alisema, bila kumtazama mtu.

"Kaeni popote mnapotaka," Whitlow alisema, tayari anaondoka na mpiga picha wake.

"Kiti chake kinatutosha."

Wakaketi hapo, mama kwenye kiti cha marehemu na binti pembeni yake, wakasubiri bila kupiga makofi. Bundi walipiga kwanza, zamu yao ikaisha. Zamu ya Nyundo ikafika. Mpigaji wao wa kwanza alikuja anatamba, akakikanyaga kibao, akainua gongo. Uwanja mzima mwekundu ukasimama ukimshangilia.

"Mama, joto litaniua," Renata alisema.

"Sasa ruksa."

Wakafungua vifungo. Ndani ya koti, Bernadine alikuwa amevaa jezi pekee aliyowahi kuwa nayo Kasimir, ile aliyovuka nayo mto siku alipokuja kumwoa: ya buluu, imepauka, na kifuani bundi mwenye macho ya manjano.

Aliinama mbele, akaunong'oneza ule udongo.

"Haya, baba Renata. Umeshaingia kwao. Lia."