Kireno cha Mlembe

Huko Niasa, Msumbiji, aliishi Mlembe, ndege anayejua nyuki walipo ila hana nguvu ya kupasua mti. Mwenye nguvu alikuwa Nyegere. Nyegere alikuwa akimwita kwa Kiyao, Mlembe anamwongoza hadi kwenye mti, Nyegere anapasua na kula asali, kisha anamwachia mwenzake nta.

Msimu mmoja Mlembe alikwenda mjini, akarudi na Kireno na shingo ndefu ya maringo.

Nyegere akamwita kama kawaida.

"Kiyao sikisikii," akajibu Mlembe. "Niite kwa Kireno."

"Dada, si juzi tu ulikuwa unakisikia?"

"Juzi sikuwa msomi."

Ukame ulikuwa mkali, wadudu wameisha, na njaa iliwauma wote wawili. Nyegere akaenda kwa mbuzi mmoja wa misheni aliyejua Kireno, akajifunza cha kuita na cha kushukuru, akarudi, akaita. Mlembe akafurahi, akamwongoza. Nyegere akapasua mti, akala asali, akala na nta yote.

"Obrigado," akashukuru kwa Kireno, akageuka aondoke.

"We! Na nta yangu?" Mlembe akapiga kelele, kwa Kiyao kitupu.

"Kumbe bado unakijua!" akasema Nyegere. "Habari ya nta tulipatana kwa Kiyao, dada, nawe umesema hukisikii. Kwa Kireno hatujapatana kitu."

Mlembe alilala na njaa. Asubuhi, kabla Nyegere hajaamka, Mlembe alikuwa mlangoni pake akimwita kwa Kiyao, tena kwa adabu.

Kireno anacho mpaka leo. Anakitumia akienda mjini.